Trakta Ilipotuinukia

Siku ile tulikuwa shambani pamoja na shofere, tukivuta kisiki. Mnyororo tuliufunga juu, nyuma ya kiti, tukidhani hapo pana nguvu zaidi. Trakta ikanguruma, kisiki kikakataa, magurudumu ya mbele yakaacha ardhi. Shofere akakanyaga klachi upesi, nayo ikashuka kwa kishindo. Hata sala haikutujia mdomoni.

Enyi wenzetu mnaolima kwa mashini, sababu ni hii: magurudumu ya nyuma yakishindwa kuzunguka, nguvu ile hugeuka kuinua mbele. Trakta hupinduka kwa sekunde moja au mbili. Mtu hapati nafasi ya kuruka. Basi mzigo ufungwe chini, penye chuma cha kuvutia, kamwe si juu ya ekseli. Ukikwama matopeni, toka kwa kurudi nyuma, wala usifunge gogo kwenye magurudumu. (Tumemwona aliyefanya hivyo, naye alijiona mjanja.)

Lakini mtu husahau. Kwa hiyo Uswidi iliamuru mwaka 1959 kila trakta mpya iwe na fremu ya chuma ya kumkinga shofere. Vifo vikapungua sana. Penye fremu, mkanda ufungwe, la sivyo utatupwa nje na chuma kile kile kikuponde.

Trakta yetu ni kuukuu, haina fremu. Fundi mmoja alitaka kuichomelea mabomba ya maji. Tukakataa, kwa kuwa chuma kisichojaribiwa hukunjika. Tumemwomba Padri atutafutie iliyo ya kweli. Kwa sasa, shamba la mteremkoni tunalilima kwa jembe.