Kikuku cha Mama na Mtaa wa Gizenga

Juma lililopita tuliingia Mji Mkongwe, Unguja, tukiwa na kikuku cha fedha cha marehemu mama yetu, kimekatika. Tulikusudia Mtaa wa Gizenga, ambako utotoni tuliwakuta masonara wameinama, wakipuliza moto kwa mrija, nasi tukikatazwa kusogea.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mafundi wengi wenye asili ya Kihindi walihama. Waliobaki walizeeka, na watoto wao wakashika kazi nyingine. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia. Kuta zikapata mlinzi. Nyundo ya sonara haikupata.

Mlango tuliouzoea sasa unauza picha za tingatinga na vinyago vya Kimakonde, ambavyo, tuseme kweli, asili yake si kisiwa hiki. “Asalamu alaykum, wazee wangu, karibuni,” alisema kijana wa duka. Akakipima kikuku kiganjani, akauliza tunakiuza kiasi gani. Wageni hupenda vya kale.

Tulimshukuru, tukakifunga tena ndani ya leso. Darajani tukaelekezwa kwa mzee mmoja wa Ng’ambo: macho yamepungua, hufungua baada ya Alasiri. Tukaketi barazani kwake, tukingoja adhana.