Saa za Kuzamia katika Vibaraza vya Kariakoo

Pale Barabara ya Samora inapoishia, jirani na Mtaa wa Uhuru, umesimama Mnara wa Saa wa Dar es Salaam. Ulijengwa mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kuadhimisha mji huu kupewa hadhi ya jiji. Watu wengi hupita chini yake bila kuinua macho, kwani saa wanayo mkononi au katika simu. Hata hivyo, kwa mwenye kutaka kujua habari za saa za mji huu, mnara huo ni mahali pazuri pa kuanzia safari fupi ya miguu. Aufuate Mtaa wa Uhuru, avipite viwanja vya Mnazi Mmoja, avuke Mtaa wa Lumumba, kisha aingie Kariakoo.

Jina la Kariakoo limetokana na mizigo. Waingereza walipouteka mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, mahali hapa palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalilainisha jina hilo. Soko kuu, lenye paa la miavuli ya zege, lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, lakini biashara ya mitaa inayolizunguka haikulala. Humo hupatikana vitenge, masufuria, vipuri vya pikipiki, simu na tende za Ramadhani. Na katika vibaraza, baina ya duka na duka, hupatikana fundi saa.

Kimeza cha fundi saa hakizidi sana upana wa msala. Juu yake pana kisanduku cha kioo chenye mikanda, betri na saa za watu waliosahau kuzifuata. Fundi hubana lenzi katika jicho moja, akashika kibano kwa vidole viwili, na makelele yote ya Kariakoo yakawa hayamhusu. Wateja wengi wa leo huja kubadilisha betri au kukata mkanda. Lakini ukikaa naye muda wa kutosha, atafungua droo ya chini na kukuonesha zile anazozitunza: saa nzito za chuma, zenye pete ya namba inayozunguka kioo, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wanaoshuka chini ya bahari. Hizo ndizo saa za kuzamia, na za zamani miongoni mwao siku hizi zinatafutwa na wakusanyaji ulimwenguni kote.

Msomaji anaweza kuuliza, saa za wapiga mbizi zina kazi gani Kariakoo, ambako hakuna maji ila ya mifereji? Jibu ni kwamba bandari haiko mbali. Mji huu umezaa mabaharia wengi, na baharia aliporudi nyumbani alirudi na redio, kitambaa cha mama na saa ya mkononi. Wengine waliletewa saa hizo na jamaa zao walioko Muscat na Dubai. Hawakuzinunua ili wazamie. Walizinunua kwa sababu hazikuogopa maji ya chumvi, jasho wala udhu, na kwa sababu nyingi zilijitia ufunguo zenyewe kwa mtikisiko wa mkono, bila kuhitaji betri.

Historia ya saa hizi si ndefu sana. Mwaka 1926 kampuni ya Rolex ilitoa saa yenye ganda lililofungwa dhidi ya maji, na mwaka uliofuata mwogeleaji wa Kiingereza Mercedes Gleitze aliingia nayo katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Ilipofika mwaka 1953, Blancpain ilileta saa iliyoitwa Fifty Fathoms, na katika kipindi hicho hicho Rolex ikaleta Submariner. Wajapani walifuata mwaka 1965, Seiko ilipotoa saa yake ya kwanza ya kuzamia, iliyostahimili mita 150. Bei ya saa za Uswisi haikuwa ya baharia wa kawaida. Za Kijapani ziliweza kufikiwa na mtu wa mshahara, na ndiyo sababu droo za Kariakoo zinaonesha zaidi Seiko na Citizen.

Ama jamaa zetu wa Oman wana hadithi yao. Katika miaka ya 1970, Sultan Qaboos bin Said aliagiza saa za Rolex zenye nembo ya jambia, ziuzwe kupitia duka la Asprey la London, nazo zikawa zawadi kwa watu waliohudumu. Baadhi yake zilikuwa saa za kuzamia. Leo saa moja ya namna hiyo hugombewa minadani kwa fedha zinazoweza kununua nyumba, na alama ndogo ya jambia ndiyo huipandisha hivyo. Bila shaka, palipo na fedha hizo, wapo pia wanaochora jambia la uongo.

Kinachonivutia zaidi katika saa hizi ni ile pete ya nje. Mzamiaji, kabla ya kushuka, huizungusha mpaka alama yake ilingane na mshale wa dakika. Akiwa chini, ambako hawezi kuuliza mtu, hutazama mshale umefika namba gani katika pete, akajua ni dakika ngapi zimepita tangu ashuke. Katika saa nyingi za awali pete iligeuka pande zote mbili. Hatari yake ni kwamba ikigongwa na jiwe inaweza kurudi nyuma na kumwambia mzamiaji kwamba bado ana muda, kumbe pumzi yake inakwisha. Kwa hiyo watengenezaji wakaifanya igeuke upande mmoja tu. Ikigongwa leo, itaonesha kwamba muda mrefu zaidi umepita, naye atapanda juu mapema. Yaani chombo hiki kimeundwa ili kikikosea, kikosee kwa upande wa usalama wa mwenye kukitegemea. Sisi tunaopanga ratiba za swala na futari tunaijua maana hiyo, tunaiita ihtiyati.

Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, nilikuwa kwa fundi mmoja mzee nikisubiri saa ya ukutani ya msikiti. Akaja mama mmoja wa makamo pamoja na kijana wake. Alifungua fundo la leso akatoa saa ya marehemu mumewe, aliyekuwa baharia. Ilikuwa Seiko nzito, kioo kimejaa mikwaruzo, mkanda umekatika. Kabla fundi hajaigusa, kijana mmoja muuza saa aliyekuwa amekaa pembeni akasema, “Mama, hiyo imeshakufa. Nitakupa elfu arobaini, nipate vipuri tu.” Mama akageuka kumtazama mwanawe, na ilionekana kwamba fedha hiyo ilikuwa na kazi inayoisubiri.

Fundi akasema, “Subiri kwanza, mama yangu.” Akageuza saa, akasoma nyuma. Saa za Seiko za zama hizo huandikwa namba mbili katika mfuniko. Ya kwanza ni ya aina, na tarakimu zake nne za mwanzo hutaja mashine iliyomo. Ya pili ni ya saa yenyewe: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka iliyotengenezwa, na inayofuata ni mwezi, ambapo Novemba huandikwa N na Desemba D. Kwa kuwa tarakimu ya mwaka hujirudia kila baada ya miaka kumi, fundi huilinganisha na aina ili ajue ni muongo gani. Hii ilianza na 6309, mashine iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1988. Akafungua mfuniko. Ndani mlikuwa na mashine yenye namba ile ile. Akaitikisa polepole, na saa iliyosemwa imekufa ikaanza kwenda.

Kisha akasema maneno ambayo kila aliyekuwepo aliyasikia. “Mama, saa hii ni ya asili. Wapo watu wa nje wanaoitafuta, na ikiwa nzima huuzwa kwa mamia ya dola. Lakini nikuambie na la pili. Mshale wa sekunde umebadilishwa, si wake, na hilo linashusha bei. Na mipira ya kuzuia maji imekauka. Atakayeinunua aambiwe yote mawili.”

Yule muuza saa alikasirika. “Mzee, umeniharibia riziki yangu.”

“Riziki yako, mwanangu, haimo katika kutojua kwa mama huyu,” akajibu fundi, akarudisha mfuniko.

Nimeyafikiri sana maneno hayo kwa kuwa, kwa upande wa sheria, jambo hili si jepesi. Wanachuoni wamekhitilafiana kuhusu mtu aliyeuza kwa bei ya chini mno kwa kutojua thamani. Mahanbali humpa asiyejua bei, aliyemwamini mwenzake, haki ya kuuvunja mkataba. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo wengi wa hapa pwani tunayafuata, kupunjika bei peke yake hakumpi mtu hiari hiyo. Kwa hiyo mama yule angeweza kuuza, akaondoka, na asipate pa kurudi. Lakini yule muuza saa hakunyamaza tu kuhusu bei. Alisema saa imekufa ilhali hajaishika, na hilo ni neno la uongo, ambalo madhehebu zote zinalikataza. Kuficha aibu ya bidhaa ni kosa, na kuizulia aibu isiyokuwepo ili uipate rahisi ni ndugu yake.

Utaona kwamba fundi alisema ukweli wa pande mbili. Ukweli wa kwanza ulimpandishia mama bei, wa pili ukamshushia. Wengi wetu huupenda ule wa kwanza na kuuita uadilifu, kisha tunapogeuka kuwa wauzaji tunaumeza ule wa pili. Na wa pili huo una uzito wa roho ya mtu. Saa ya kuzamia iliyokauka mipira yake inabaki na maandishi ya mita 150 usoni, nayo haifai hata kuingia katika ndoo. Atakayeyaamini maandishi hayo akashuka nayo baharini atakuwa amedanganywa na aliyejua akanyamaza.

Mazungumzo hayakuishia hapo. Kijana wa mama alishaiweka saa mkononi akasema haiuzwi tena, ataivaa yeye kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume. Mama akamwambia kwa upole, “Mwanangu, una dada wawili.” Kijana akanyamaza kwa muda, kisha akaivua mwenyewe. Hapo nikaombwa na mimi niseme. Nilisema linalojulikana: saa ya marehemu ni tirka, sawa na nyumba na shamba. Baada ya madeni na wasia, mke ana thumuni yake pakiwa na watoto, na kinachobaki ni cha watoto wote, mwanamume akipata fungu la wanawake wawili. Akiitaka yeye, ithaminiwe na mjuzi asiye na maslahi, kisha ihesabiwe katika fungu lake. Au wenziwe, kwa radhi yao na wakiwa wamekwisha kujua thamani yake, wamwachie. Radhi ya asiyejua anachokiacha si radhi kamili.

Katika nyumba zetu, ndugu wasomaji, vitu vya namna hii vingali vingi. Marehemu baba amekufa, na saa yake imo katika kabati, ndani ya kikombe chenye vifungo na funguo za zamani. Ushauri wa mafundi niliozungumza nao ni huu. Usiing’arishe kwa dawa wala kubadilisha uso wake ukidhani unaipendezesha, kwani wakusanyaji huutaka uzee wake. Usiitie majini. Kama ni ya kabla ya miaka ya 1970 na mishale yake ilikuwa iking’aa gizani, usiifungue nyumbani wala usiwape watoto waichezee. Rangi ya baadhi ya saa hizo ilikuwa na radiamu, madini yenye mnururisho, na vumbi lake hudhuru likivutwa. Andika namba zilizo nyuma. Iulizie kwa mafundi wawili au watatu, kila mmoja peke yake, na usimwulize bei yule yule anayetaka kuinunua.

Kwa wale wanaozikusanya, kwani wapo vijana wetu walioanza, burudani hiyo ni halali na ina elimu ndani yake. Wakumbuke tu mambo mawili. Saa ya dhahabu haivaliwi na mwanamume wetu hata iwe adimu kiasi gani. Na aliyenunua saa ili aziuze, hizo ni bidhaa. Zikifika nisabu na mwaka ukapita, zaka inamhusu. Zile anazozivaa mwenyewe hazina zaka.

Neno saa katika Kiswahili chetu lina maana tatu: chombo, muda kinaoupima, na ile Saa kubwa ambayo hakuna fundi anayejua itafika lini. Mzamiaji huvaa chombo hiki kwa kuwa anajua pumzi aliyochukua ina kipimo. Adhuhuri ikiadhiniwa Kariakoo, fundi yule huvua lenzi jichoni, akatandika kitambaa juu ya kisanduku cha kioo, akaondoka. Saa za watu humo ndani huendelea kwenda, kila moja kwa dakika zake, naye huzikuta pale pale akirudi.