Kibanda cha Kila Mwaka

 

Fungua Walawi 23, kuanzia mstari wa 33. Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba kila mwaka, mwezi wa saba, wakishakusanya mavuno, watoke kwenye nyumba zao wakae vibandani siku 7. Vibanda vya matawi! Matawi ya mitende, ya miti yenye majani mengi, ya mierebi ya kando ya mito. Na sababu anaitoa mwenyewe: vizazi vitakavyokuja vijue kwamba alipowatoa Misri, aliwakalisha vibandani.

Sisi watu wa Pwani tukifika hapo hatuhitaji mkalimani. Kibanda cha majani tunakijua.

Nyumba ya familia yetu iko karibu na bahari, upande wa Takaungu, Kaunti ya Kilifi. Kuta za udongo, boriti za mikoko, paa la makuti. Huduma imeniweka bara miaka mingi, lakini kila Desemba shule zikifungwa tunashuka wote. Zamani lilikuwa basi la usiku kucha. Tangu 2017 tunapanda treni ya SGR mpaka Mombasa, kisha matatu ya kwenda Kilifi, halafu bodaboda.

Msidhani tunaenda kustarehe tu. Makuti hayana subira, mpendwa. Jua linayakausha, mvua ya masika inayaozesha, na upepo wa bahari unayanyofoa. Paa lisiporudiwa, nyumba inaanguka. Kwa hivyo tukifika, wengine wanashona makuti mapya, wengine wanapanda juu kuyafunga kwenye fito. Watoto wangu wanaojua simu kuliko bahari hujifunza kungoja maji yapwe ndipo waende mwambani. Jioni kuna wali wa nazi na samaki, na mama anasimulia. Hapa ndipo baba yenu alipokuwa akipiga magoti alfajiri kabla ya kuingia baharini. Pale ndipo alipoinama kushukuru, siku waliyorudi salama baada ya dhoruba.

Unaona kwa nini Mungu alisema kila mwaka? Ushuhuda ni kama makuti. Usiporudiwa, unavuja.

Sasa sikiliza. Desemba iliyopita alikuja mnunuzi. Ploti za ufuoni zina bei, na pesa aliyotaja hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishika. Ndugu yangu mdogo alikuwa amepoteza kazi, na watoto wake wawili wako sekondari. Akasema mbele ya wote, "Kaka, makuti hayalipi karo."

Nani angembishia? Huwezi kumhubiria mtu Walawi 23 wakati watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Tulikaa chini ya mkorosho siku tatu. Maneno yalikuwa makali. Mama alikuwa kimya muda wote. Siku ya tatu akasema, "Mkitaka kuuza, uzeni. Mimi nimebakisha siku chache. Lakini kila mmoja aniambie kwanza, atawaonyesha watoto wake nini?"

Hakuna aliyejibu.

Ndipo nikakumbuka Kumbukumbu la Torati 16. Wengi husoma Walawi wakaishia hapo. Lakini katika Torati, Mungu anapoiamuru tena sikukuu ya vibanda, anataja watakaoshangilia: wewe, mwanao na binti yako, watumishi wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Yaani kibanda ambacho mhitaji hana furaha ndani yake, hicho si cha sikukuu ya Bwana. Ni majani tu.

Kwa hivyo hatukuuza, na hatukumwambia ndugu yetu aombe tu. Tumebaki wanne wenye kipato, na tunachanga karo kila muhula mpaka watoto wale wamalize. Usidhani ni rahisi. Muhula mwingine mchango unatoka kabla ya unga kununuliwa. Lakini nawaambia kweli, kama tungelilinda paa na kumwacha ndugu, tungekuwa na nyumba bila familia.

Najua kuna anayesoma hapa akiwa hana pa kurudi. Pwani yetu wako wengi walioishi kwenye shamba maisha yao yote bila hati miliki. Wengine nyumba ya wazazi iliuzwa, wengine walifukuzwa. Mpendwa, soma Nehemia 8. Wale waliotoka uhamishoni walikuta mambo mengi yamebomoka. Waliposikia sheria ikisomwa, walienda mlimani wakakata matawi, wakajenga vibanda juu ya madari yao, nyuani mwao, hata kwenye viwanja vya mji. Hawakungoja kila kitu kirudi kama zamani. Na Biblia inasema kulikuwa na furaha kubwa sana.

Kwa hivyo Desemba hii, hata kama nyumba yako ni chumba kimoja cha kupanga, zima televisheni jioni moja. Keti chini na watoto. Waambie Mungu alikutoa wapi, alikulisha nini, nani alikuombea. Na kama kuna ndugu ambaye mmegombana juu ya shamba au ploti, mpigie simu kabla hujanunua tiketi ya kusafiri. Muulize watoto wake wako shule?

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa vibanda ulivyotupitisha. Ponya familia zinazopigania urithi. Mpe kazi aliyekosa, mfungulie mlango mwenye deni la karo. Utufundishe kuwasimulia watoto wetu matendo yako tungali hai. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie ndugu yako ujumbe huu.