Upande wa Pili wa Santuri

Mjukuu wa dada yangu, kijana mwenye elimu na masikio mazuri, aliniuliza hivi karibuni, huku wimbo wa "Shida" ukilia katika simu yake, kama huyo Mbaraka Mwinshehe aliyekuwa akiimba alijua pia kupiga ala yo yote. "Babu," alisema kwa adabu, "au alikuwa na watu wake wa kumpigia?" Nilimwashiria kwa mkono asubiri, kwa kuwa wimbo ulikuwa bado kufika mahali penye jibu lake, lakini kabla hatujafika hapo alikwisha kuugusa uso wa simu na kutuhamisha katika wimbo mwingine, maana maneno yalikuwa yamekwisha, na kwa kizazi chake maneno yakiisha wimbo umekwisha.

Simlaumu sana, hapana aliyemfundisha kungoja. Walakini swali lake lilinikalia moyoni, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo ilivyonidhihirikia kwamba namna watu wa rika langu walivyomlilia Mbaraka haiwezi kufahamika na mtu asiyejua walikuwa wakisikiliza nini.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, akaingia katika Morogoro Jazz Band katikati ya miaka ya sitini, akatoka humo mwaka 1973 na kuunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Mwaka 1970 bendi ya Morogoro ilisafiri hadi Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia, na aliporudi aliimba habari za safari hiyo kama mtu aliyetoka shamba la jirani. Alipewa lakabu ya "Soloist National", wala sikupata kumsikia mtu, hata katika mahasidi wake, aliyedai kwamba lakabu hiyo ilimpwaya. Mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ulikuwa na neema ambayo miji mikubwa zaidi iliitamani: huku Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kule Morogoro Jazz, na wapenzi wa huku hawakuwa radhi kuukiri uzuri wa kule ila kwa siri, usiku, mbele ya rafiki mwaminifu. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Barabara ilikuwa na deni na mji ule, na ilirudi kudai tena.

Mambo hayo yanapatikana vitabuni. Lisilopatikana vitabuni ni duka.

Lilikuwa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, na upana wake haukuzidi sana mikono ya mtu mzima aliyeinyosha. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye asili ya Hadhramaut, mtu wa msikiti, mkavu wa maneno, ambaye aliuza betri za redio, nyembe, uzi, sindano za gramafoni, na santuri. Jinsi mtu wa dini vile alivyoingia katika biashara ya muziki wa dansi hakupata kutueleza, nasi kwa heshima hatukumwuliza. Ukiingia, harufu ya kwanza iliyokupokea ilikuwa ya udi, ambao aliufukiza asubuhi kabla ya kuketi; ya pili ilikuwa ya majalada mapya ya karatasi yaliyokuja kutoka Nairobi ndani ya maboksi; na ya tatu, ambayo ilijitokeza polepole baada ya radiogramu kuwashwa, ilikuwa ya vumbi likipata moto juu ya zile taa ndogo za ndani yake. Hata leo vumbi likiungua juu ya taa ya umeme, mguu wangu wa kulia huanza kutikisika kabla sijauruhusu.

Katika duka lile ilikuwako sheria moja: hakuna aliyeuziwa santuri kabla ya kusikiliza upande wa pili. Msomaji kijana hana budi kuelezwa kwamba santuri ndogo ya mizunguko 45 haikuweza kubeba zaidi ya dakika chache kwa kila upande, ilhali nyimbo za bendi zetu zilikuwa ndefu. Kwa hiyo watengenezaji waliukata wimbo katikati, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, na ikawa aghalabu kisa chote, na mapenzi, na malalamiko, na salamu kwa shemeji, vimekaa upande wa kwanza, na magita yamebakia upande wa pili. Mteja mwenye haraka alitosheka na kisa, akatoa fedha, akanyosha mkono apewe mali yake. Mzee hakumpa. Aliigeuza santuri, akaifuta kwa kitambaa cha melimeli, akairudisha chini ya sindano na kusema, "Huyu bado hajaanza, mwanangu. Kaa."

Basi tulikaa. Gita la rithimu lilikwenda mwendo wake ule ule, halichoki wala halijipambi. Besi lilitembea chini yake. Kisha solo likaingia juu, katika nyuzi nyembamba, likashika kipande kifupi cha mahadhi na kukirudia mara tatu, mara nne, likikibadilisha kidogo sana kila mara, hata msikilizaji akawa hana yakini kama amesikia jambo jipya au lile lile la kwanza. Na alipokuwa anakaribia kuhakikisha, saksafoni ziliingia na kumpotezea hesabu. Sifa ya Mbaraka ilikuwa saburi. Wapo waliokuwa na vidole vyepesi kuliko vyake, na katika Kongo walikuwako wengi. Lakini yeye alijua kuuweka mlio mmoja mahali pake na kuuacha utulie kabla ya kuutafutia mwenzake, na kwa sababu hiyo hata mtu asiyejua muziki aliweza kumfuata bila kukanyagwa.

Siku ambazo wateja walikuwa haba, mzee alifanya mtihani. Alilifunika jalada kwa kiganja, akaitua sindano katikati ya upande wa pili, mahali pasipo na sauti ya mwimbaji ya kumsaidia mtu, akatutaka tumtaje mpigaji. Huyu ni Nico. Huyu ni Franco. Huyu anatoka NUTA Jazz. Huyu ni Mbaraka, na huyu ni mtu anayetaka kuwa Mbaraka. Aliyekosea aliwanunulia wenzake kahawa chungu kwa mwenye dele aliyepita nje akigonganisha vikombe vyake. Tulikuwa makarani wa bandarini, wapakuzi, fundi cherehani mmoja, na mwanafunzi mmoja aliyestahili kuwa darasani. Na hapana hata mmoja wetu aliyejua kushika gita. Elimu yetu yote ilikuwa ya masikioni, na ilitosha kumjua mtu kwa mkono wake kama unavyomjua ndugu yako kwa kikohozi chake gizani.

Nilipata kumwona katika ukumbi mmoja wa hapa hapa mjini, Super Volcano ilipokuja. Ninalolikumbuka zaidi ni jinsi wachezaji walivyoacha kucheza. Wimbo ulipofika mahali pa magita, watu waliachana na wenzi wao, wakasogea mbele, wakasimama kimya wakiutazama mkono wake wa kushoto, na bibi mmoja aliyevaa nguo ya gharama alimfokea mumewe aliyethubutu kumsemesha. Asubuhi yake nilikwenda dukani kutoa habari. Mzee, ambaye asingeonekana katika ukumbi wa dansi hata kwa amri ya hakimu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: alipiga akiwa ameketi au amesimama?

Tarehe ya kifo chake ni 12 Januari 1979. Nimeihesabu katika kalenda, nikaona ilikuwa Ijumaa. Na baada ya kuihesabu naiacha, kwa kuwa kila shabiki niliyemjua ana siku yake mwenyewe aliyoipokea habari, na hakubali kunyang'anywa. Ilikuwa ajali ya gari, hapa Mombasa, naye alikuwa na umri wa miaka 34. Mpaka baina ya nchi zetu ulikuwa umefungwa, na kwao kulikuwa na mambo mazito kuliko muziki, ambayo sina haja ya kuyasimulia. Lililotuuma sisi watu wa Mombasa zaidi ya msiba wenyewe lilikuwa fedheha: aliyekufa alikuwa mgeni wetu. Amefia mikononi mwetu, na wenyewe wako ng'ambo ya mpaka usiopitika. Nilisikia watu wakizungumza njiani kana kwamba watatakiwa kutoa maelezo.

Mabaharia walikuwa wamekwisha kutuhadithia bandarini jinsi vijana wa kwao walivyomlilia Jimi Hendrix, aliyefariki London mwezi wa Septemba 1970, nasi tulidhani kwamba huko ndiko kulikokithiri. Habari ilipotuangukia sisi, hatukujua la kufanya. Duka lililokabili la mzee, ambalo mwenyewe alikuwa kijana na mchangamfu, lilitoa kipaza sauti mpaka barazani na kuzipiga nyimbo za marehemu tangu asubuhi, na watu wakajaa mpaka magari yakashindwa kupita. Mzee aliifunika radiogramu kwa kitambaa. Tulipomwomba aifunue alikataa, na alipokasirishwa alisema, "Maiti hata hajafika kwao, nanyi mwataka kucheza?"

"Hatuchezi, mzee," alijibu mpakuzi mmoja, mtu wa miraba minne, na macho yake yalikuwa mekundu. "Twalia."

"Basi lieni kimya."

Wakati ule niliona kwamba mzee amekosa huruma, na nikavuka barabara pamoja na wenzangu. Huko ng'ambo santuri za Mbaraka ziliuzwa mpaka zikaisha, na bei ikapanda kabla ya adhuhuri. Mzee alikuwa na santuri zile zile, pengine nyingi zaidi, naye hakuuza hata moja kwa siku tatu, wala baada ya siku tatu hakuongeza senti juu ya bei ya zamani. Matanga yalipokwisha aliifunua radiogramu, akatoa santuri zote za Morogoro Jazz na Super Volcano alizokuwa nazo, akaanza kuzipiga moja baada ya moja, na zote alizipiga upande wa pili peke yake. Hapakuwa na sauti ya mtu ila pale mwishoni mwa baadhi ya nyimbo, mwimbaji anaporudi kuaga. Tulisimama barazani mpaka jua likawa kali. Mwenye dele alipita bila kugonganisha vikombe.

Naweza kuyapitia haraka yaliyofuata, maana si mengi yenye kupendeza. Kampuni ya santuri ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri kubwa zilizoitwa "Ukumbusho", na lilikuwa jambo jema. Mpaka ukafunguliwa mwaka 1983. Kaseti zikaja, zikauunganisha upande wa kwanza na wa pili, tukafurahi kwamba hatuna tena taabu ya kugeuza. Kisha tukagundua kwamba mtu asiyelazimika kuinuka na kugeuza halazimiki pia kusikiliza. Franco alipofariki, Oktoba 1989, serikali ya Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo ya taifa, nami nikamkumbuka yule wetu, ambaye hakutangaziwa na mtu ila tulijitangazia wenyewe. Marijani Rajab akafuata mwaka 1995. Bendi zikapunguza magita na kuongeza vinanda vya umeme, kwa hoja kwamba kinanda kimoja hufanya kazi ya watu watano na hakili chakula cha jioni.

Watangazaji wa redio wa siku hizi wana tabia inayoniudhi kuliko zote: mwimbaji akinyamaza na magita yakiinuka, wao huona kwamba hapo ndipo nafasi yao ya kusoma matangazo ya sabuni na kuwasalimu wasikilizaji wa Kisauni. Siku moja nilimpigia simu mmoja wao, nikamwomba kwa upole auache wimbo wa marehemu ufike mwisho. Alinishukuru hewani kwa mchango wangu, akanitaja kuwa ni mzee wetu na hazina ya taifa, na akayasema hayo yote juu ya gita la Mbaraka.

Mwenye duka alifariki miaka mingi iliyopita, na mahali pake panauzwa vifuniko vya simu. Mali yake ya santuri ilibaki stoo, katika maboksi yale yale, mpaka alipotokea Mzungu mmoja mkusanyaji, mmoja katika hao wanaozunguka pwani na bara wakiuliza habari za santuri kuukuu, na ambao kwa juhudi za wenzao muziki wa Morogoro Jazz ulitolewa upya huko Ujerumani, mwaka 2000, chini ya jina la "Masimango". Warithi walinialika nishuhudie mauzo, kwa kuwa nilizijua santuri. Bwana yule alikuja na mashine yake ndogo ya betri. Alizitazama chache kwa jicho la mtu anayejua, akaiweka ya kwanza, akaigeuza upande wa pili, akasikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, kisha akachukua maboksi yote. Warithi walifurahi sana kuondolewa taka stoo. Niliwauliza wamelipwa kiasi gani, wakanitajia, na nikaenda zangu nyumbani bila kuingoja soda niliyoagiziwa.