Mume wa Msuka Mikeka

Katika bonde la Rufiji kusuka mikeka ni kazi ya wanawake tangu zama za wazee wetu, na juu ya uzuri wake mengi yamekwisha kusemwa. Lisilosemwa sana ni mahali pa mume katika kazi hiyo. Mimi ni mume wa msuka mikeka kwa miaka 38 sasa, nami naona yafaa nilieleze jambo hili kwa kadiri nilivyoliona nyumbani kwangu na kwa majirani.

Hapana budi kwanza msomaji aijue kazi yenyewe, maana wengi waliozaliwa mijini huuona mkeka ukiwa umekwisha kutandikwa. Mkindu huota penye majimaji, kandokando ya mito na mabwawa. Hukatwa makuti yake machanga, yale ambayo bado hayajakunjuka, na mkataji hujihadhari na miiba mikali iliyo chini ya kuti. Huko mtoni hujihadhari na mamba pia. Makuti huanikwa juani mpaka yageuke meupe, kisha huchanwa, na yale ya kutiwa rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi ya unga inunuliwayo dukani. Ndipo msukaji huanza ukili, utepe wa upana wa vidole vichache tu, akausuka pima baada ya pima. Ukili ukitosha hushonwa ukingo kwa ukingo ukawa mkeka, na mwisho hutiwa taraza pembeni usifumuke. Mkeka mzuri wa kulalia humchukua mke wangu majuma matatu au manne, kwa kuwa analo shamba pia, na nyumba yamngoja.

Sasa ukindu ukikauka mno hukatika mikononi. Kwa sababu hiyo msukaji hupenda kufanya kazi alfajiri, umande ungalipo, au jioni jua likipunga; na hizo ndizo saa ambazo mume hutaka chai yake au chakula chake. Magomvi mengi ya nyumba za wasukaji niliyoitwa kuyasuluhisha yalianzia hapo. Mume husema kwamba mkewe apoteza wakati kwa mchezo wa vidole. Mara nyingi msemaji huyo ni mtu ambaye jana alikaa kwenye bao tangu adhuhuri hata magharibi, wala hakuna aliyemwuliza.

Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwa hivyo. Alikuwa mvuvi, naye akisuka madema yake mwenyewe, kwa hiyo aliijua kazi ya mkono. Mama alipomaliza pima kadhaa za ukili, baba aliuchukua akaupitisha baina ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kama mtu asomaye barua. Sikumbuki kumsikia akisema, "Mzuri." Alisema, "Hapa umelegeza, mama," naye mama alitazama, akafumua, akasuka upya bila ya kununa. Wake wengine walisifiwa na waume wao kila siku, lakini mama alikuwa na mtu aliyeuona ukili wake, na nadhani asingekubali kubadilishana nao.

Kuna jirani mmoja ambaye mkewe alikuwa msukaji hodari kupita wote kijijini kwetu. Mwanamke huyo alikwenda kumwuguza mama yake, akaacha mikeka minne imekunjwa juu ya dari. Miwili aliiweka kwa ajili ya arusi ya binti yao. Mumewe alikuwa na deni. Akaiuza yote minne. Mwanamke aliporudi hakupiga kelele wala hakudai talaka. Alipika, alilima, aliwapokea wageni kama desturi. Ila ukindu hakuugusa tena. Binti aliolewa kwa mikeka ya kununua. Wazee tulipomwita yule bwana alisema, "Mke ni wangu, na mikeka ni yangu."

Neno hilo halina nguzo popote. Katika Uislamu, dini ya wengi wetu hapa, mali ya mke ni yake mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, katika kifungu cha 56, humpa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Tena mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani za mke huhesabiwa katika kuchuma mali ya ndoa. Ikiwa kupika na kufagia ni mchango, sembuse mkeka ambao una bei sokoni?

Bei yenyewe imekuwa taabu siku hizi. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, hatungoji tena kivuko cha Ndundu, na magari hupita mchana kutwa. Yameleta wanunuzi, yakaleta na mikeka ya plastiki. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama kuna haja ya kuendelea. Sikumpa hotuba. Kulipopambazuka nilichukua panga nikaenda kukata ukindu, nikarudi na mzigo, naye akautazama akasema nusu yake umekomaa mno. Siku ya pili tulikwenda pamoja.

Wanunuzi wasimamapo barabarani hunigeukia mimi kwanza, kwa kuwa ndimi mwenye kanzu na mvi. Huwaambia mwenye mali ndiye yule aliyekaa chini. Hapo hunyamaza, hata akitaja bei ambayo mimi naiona kubwa. Na mara kwa mara gari huondoka bila mkeka. Naye huukunja, akaurudisha ndani, akaniagiza nimtilie uzi katika sindano, maana macho yake hayaoni tena tundu.