Nani Mlinzi wa Daftari?

Mvuvi wa Bangwe ni mwanafalaki asiyejiita mwanafalaki. Huhesabu siku za mwezi kwa kuwa riziki yake imefungamana na giza: dagaa hufuata taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Usiku wa mwezi mpevu mitumbwi hupumzika. Giza likirudi, Ziwa Tanganyika hutapakaa taa hata mtu aliye juu mlimani akadhani nyota zimeshuka majini. Elimu hiyo baba humrithisha mwana bila ya karatasi. Lakini iko elimu nyingine ambayo kichwa kimoja hakiwezi kuibeba, nayo ni elimu ya mabadiliko yaendayo polepole kuliko umri wa mwanadamu. Hiyo haina budi kuandikwa. Wahenga walikwishasema: mali bila daftari huisha bila habari. Linalobaki ni kuuliza nani alilinde daftari, na kwa fedha ya nani.

Watazamaji wa anga wamelijua swali hili kitambo. Chuo Kikuu cha Harvard kina sahani za kioo zaidi ya 500,000 zenye picha za mbingu, zilizopigwa kwa darubini za ardhini tangu miaka ya 1880. Nyingi za anga ya kusini zilipigwa Arequipa, nchini Peru, zikasafirishwa hadi Marekani. Kutokana na sahani hizo, mwaka 1912 Henrietta Leavitt alionesha kwamba nyota fulani zinazofifia na kung'aa kwa zamu hufuata kanuni: kadiri zamu inavyokuwa ndefu, ndivyo mng'aro wake halisi unavyokuwa mkubwa. Hapo umbali wa nyota za mbali ukaanza kupimika. Aliyepiga picha hakujua kuwa sahani yake ingejibu swali hilo. Ndiyo tabia ya kumbukumbu: aghalabu manufaa yake humfikia mtu ambaye hajazaliwa, na asiyezaliwa hawezi kutoa mchango. Katika miaka ya 1950 kazi ya kupiga sahani ilisimamishwa kwa kubana matumizi, likabaki pengo hadi miaka ya 1960 ilipokaribia kwisha. Fedha ilipatikana baadaye. Nyusiku zile hazikupatikana tena.

Kigoma nayo ina sahani zake. Mwaka 1913 watafiti walipima joto la maji ya ziwa katika vina mbalimbali. Miaka 90 baadaye, mwaka 2003, makundi mawili ya wanasayansi, moja katika jarida la Nature na jingine katika Science, yalivilinganisha vipimo vile vya kale na vipya. Yalionesha kuwa ziwa limepata joto, na kwamba maji ya juu, yakizidi kuwa mepesi, hayachanganyiki kama zamani na maji ya chini yenye rutuba. Rutuba isipopanda, chakula cha dagaa hupungua. Lau karatasi za 1913 zingeliwa na mchwa, nani angeyajua hayo? Uvuvi ulipofungwa upande wa Tanzania kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mwanika dagaa aliambiwa asubiri miezi mitatu. Anayeambiwa asubiri ana haki ya kuiona hesabu iliyomsubirisha.

Kaskazini ya mji, katika Gombe, liko daftari lingine. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alianza kulijaza Julai 1960. Hata hivyo, Hilali Matama, Mtanzania, ndiye aliyeshuhudia mwaka 1974 sokwe wa kundi moja wakimshambulia Godi wa kundi jirani, na wanafunzi wanne wa kigeni walipotekwa nyara Mei 1975, ni Watanzania walioendelea kuwafuata sokwe na kuandika. Sehemu kubwa waliiandika kwa Kiswahili. Maandishi hayo yalipelekwa Chuo Kikuu cha Minnesota katika miaka ya 1990, kisha yakahamia Duke.

Wako wasemao kuwa huko ndiko kwenye usalama: vyumba vikavu, mashine za kunakilia, wataalamu. Hoja hii ina uzito, na ni dhuluma kuibeza. Karatasi iliyooza nyumbani haina faida kwa yeyote. Lakini kutunza si kumiliki. Aliyepewa amana hushukuriwa kwa kuitunza, na hudaiwa vilevile. Harvard yenyewe imekwishazinakili sahani zake na kuziweka wazi katika intaneti. Kwa hiyo umbali wa karatasi ya asili si udhuru tena.

Basi nani alipe? Wafadhili peke yao hawatoshi. Utafiti mkubwa wa ziwa uliofadhiliwa na Finland ulianza 1992, na ule wa bayoanuwai ukakoma 2000. Kila mradi huzaliwa na tarehe ya kufa, ilhali daftari halipaswi kuwa nayo. Mshahara wa mtunza kumbukumbu katika kituo cha TAFIRI cha Kigoma ustahili kuwa katika bajeti ya kawaida ya serikali, kama ulivyo mshahara wa mwalimu. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilizotia saini mkataba wa ziwa jijini Dar es Salaam mwaka 2003, zina Mamlaka ya Ziwa Tanganyika. Gharama ya nakala ya pamoja na igawanywe humo, kwa kuwa maji hayajui mipaka. Nacho chuo cha ng'ambo kinachochuma elimu hapa kitenge, tangu siku ya kwanza, fungu la kuhifadhi na la kurudisha.

Na kinachorudishwa kirudi katika lugha kilichoandikwa. Maneno ya mtu wa Kigoma yamekwishafasiriwa kwa Kiingereza ili wataalamu wayaelewe. Mjukuu wake asihitaji kuyafasiri tena ili amsome babu yake.