Ukitoka Diani Kwenda Mombasa, Damka Mapema

Ukiipeleka familia yako likizo Diani, tenga siku moja muizuru Mombasa. Lakini usirudie kosa langu.

Mama yangu alitaka jambo moja tu: kuingia Fort Jesus. Ngome hiyo, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, iligeuzwa jela na Waingereza tangu 1895 hadi 1958, na babu alifungwa humo. Mimi nikawaacha watoto waogelee kwanza. Tukaondoka saa nane mchana.

Kutoka Diani hadi Likoni ni kilomita 30 hivi. Kinachokula saa ni feri. Tulikwama kwenye foleni ya magari hadi jua likapoa, na tulipofika ngomeni lango lilikuwa limefungwa. Mama akaugusa ukuta, akasema, "Si kitu, mwanangu. Tutarudi."

Hakurudi. Alifariki kabla ya likizo iliyofuata.

Kwa hivyo, msomaji, ondoka saa kumi na mbili unusu asubuhi. Panda matatu ya Ukunda hadi Likoni, uvuke kwa miguu; abiria wasio na gari hawalipi feri. Anza na ngome kabla jua halijawa kali, kisha tembeeni vichochoro vya Mji wa Kale mkatazame milango ya nakshi. Mkishakula chakula cha mchana, vukeni kabla wafanyakazi hawajaanza kurejea makwao.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Bahari utaikuta jioni. Mzazi huenda usimkute.